Manjano Iliyopotea Njiani

Tarehe 9 Januari

Baba Pacha,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wanao, ambao hapa wananing'ang'ania mkono niandike kwamba mmoja amemng'oa mwenzake jino. Halikuwa jino la kung'oka. Kesi hiyo utaisikia Jumapili, maana simu ni yao, mimi nimeshakubali. Kazi yetu ibaki humu sandukuni, barua na vichupa vifike pamoja kama tulivyozoea. Ukianza kunieleza mambo ya chembe kwenye simu, mtandao unakata, na ukirudi nyumba nzima inasikiliza.

Haya, sanduku la pili ndilo hilo. Najua wewe ni mtu wa hadubini, tena ya kuangalia tishu za wagonjwa, kwa hiyo nakueleza nilivyofanya ili usije ukasema hukuambiwa. Nimechemsha maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, nikatia chumvi ya madini ya fedha kidogo sana, kisha nikadondosha sitreti, ile chumvi ya asidi ya ndimu, tone kwa tone huku sumaku inakoroga. Maji yalikaa meupe mpaka nikaanza kukata tamaa. Halafu yakageuka manjano. Mume wangu, kazi hii nimeifanya mara nyingi mpaka mikono imekauka kama ya fundi saruji, lakini ile manjano ikitokea bado huwa nasema "ee!" peke yangu kama mwehu. Inamaanisha chembe zimezaliwa, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho litakaloziona, na kila moja imekaa peke yake. Zikishikana zikawa madonge, manjano inakufa, maji yanakuwa ya kijivu kama ya kuoshea sufuria.

Mashine ya mwanga imenichorea mlima mmoja mwembamba, uliosimama vizuri. Kwa hiyo zilipotoka hapa zilikuwa nzima. Nashindwa kuelewa zile za sanduku la kwanza zilipatwa na nini.

Kamati imenipa hadi mwisho wa Aprili. Nikileta picha zinazoonyesha chembe moja moja, naendelea na shahada. Nisipoleta, meza yangu maabarani anapewa mtu mwingine. Hadubini ya elektroni ya hapa ni mbovu tangu mwaka juzi na imegeuka mahali pa kutundikia makoti. Kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Nakumbusha tu, si kwamba umesahau: sifanyi haya kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani. Nilifanya kazi wodi ya walioungua kwa moto. Nilibandua bandeji zilizoshikana na nyama huku mtu analia anamwita mama yake. Utando huu ninaotengeneza, wa maganda ya kamba wa baharini na chembe za fedha ndani yake, haung'ang'anii kidonda, na wadudu wa maradhi hawausogelei. Lakini nani ataniamini bila picha?

Kula vizuri. Mara ya mwisho kwenye video shingo ilikuwa nyembamba.

Wako,
Mama Pacha


Tarehe 2 Februari

Mke wangu,

Nimepokea sanduku, na barua nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti langu mwilini. Jino nimelisikia Jumapili, pande zote mbili za kesi. Hakimu ameshindwa.

Sina habari nzuri. Zamu yangu kwenye hadubini ni kila baada ya wiki mbili, tena nikishamaliza tishu za hospitali. Nilipozitoa sampuli zako zilikuwa za kijivu tayari. Nilisema labda macho yangu. Nikaweka tone kwenye wavu, nikasubiri likauke, nikaangalia. Madonge, mke wangu. Madonge juu ya madonge, kama unga uliolowa. Nilihama kona hadi kona nikitafuta hata chembe moja iliyokaa pekee nikupigie picha, nikaikosa. Picha nimezifunga humu. Usizitazame ukiwa na njaa.

Sijui nikwambie nini. Pengine ni njia unayotumia. Pengine ni maji. Pengine hii kazi inahitaji vifaa ambavyo hapo hamna, na si kosa lako.

Nina jambo lingine. Kibali cha familia kimetoka. Kinaishia mwisho wa Juni, mkishaingia ndipo kinaongezwa. Nyie watatu mnaweza kuja. Shule ya pacha iko hatua chache kutoka ninapokaa. Nimekaa huku miaka mitatu nikila chakula cha mtu mmoja kwenye sahani moja. Jana nilijikuta namsimulia birika. Nimechoka, Mama Pacha. Sikusukumi, ila fikiria.

Mumeo,
Baba Pacha


Tarehe 25 Februari

Baba Pacha,

Nimefikiria. Nimefikiria nikifua, nikipika, nikisimama kwenye foleni ya maji yaliyotoneshwa. Na jibu ni kwamba sijamaliza.

"Si kosa lako" hiyo iondoe. Mtu akiniambia si kosa langu kabla hajajua kosa ni nini, najua ameshaamua ni langu.

Sanduku la tatu hili hapa, na ni la mwisho, kwa sababu hela ya kemikali imekwisha na Profesa ameanza kunisalimia kwa upole, jambo ambalo si dalili njema. Safari hii nimeosha vyombo vyote kwa tindikali, nikavisuuza mpaka fundi wa maabara akauliza kama naandaa harusi. Nimetumia maji mapya. Nimepunguza moto. Kila sanduku huwa nabakiza kichupa kimoja hapa kabatini kama shahidi, na mashahidi wote watatu mpaka leo ni manjano. Hata yule wa Novemba. Sasa niambie, kwa nini waliobaki nyumbani ni wazima na wanaosafiri wanakufa? Nilidhani ni mtikisiko wa njiani, nikakifunga kichupa kwenye baiskeli ya kijana wa duka la dawa akazunguka nacho mji mzima. Kikarudi manjano.

Na kuna hili. Nilikata vipande vya utando nikaviweka juu ya sahani zenye wadudu wa maradhi. Asubuhi yake kila kipande kilikuwa kimezungukwa na duara safi, hakuna kilichoota. Madonge hayafanyi kazi ya namna hiyo. Nilikaa kwenye kigoda kirefu cha maabara nikaangalia yale maduara nikalia, kwa uchovu tu, usije ukadhani ni furaha.

Dada yako ndiye anayenishikia watoto siku za maabara. Anauza barafu huku anawafundisha hesabu kwa pakiti. Mmoja amejua kutoa chenji, mwingine amejua kula barafu. Anasema nikusalimie na nikuambie ununue sufuria kubwa, kwa sababu mtu anayezungumza na birika ni mgonjwa.

Tafadhali, ziangalie kwa makini. Nimekwishaishiwa nguvu za kuanza upya.

Mama Pacha


Tarehe 20 Machi

Mama Pacha wangu,

Ningependa mtu mwingine aandike barua hii.

Ni zilezile. Za kijivu, na chini kuna mashapo meusi. Nimeomba zamu ya ziada, nimekaa na hadubini mpaka macho yakawa yanaona nyota. Hakuna picha ya kupeleka kwenye kamati. Nakurudishia vichupa vilivyobaki, kwa kuwa hapa siruhusiwi kuvimwaga kwenye sinki, na pia uone mwenyewe, usidhani nakutilia chumvi.

Acha, mke wangu. Umefanya yote. Umejaribu hata baiskeli. Mtu anafika mahali anasema basi, na hakuna atakayekucheka, na akicheka atakuwa mbali, wewe uko huku kwangu. Nimetenga akiba ya tiketi. Sema neno tu.

Mumeo


Tarehe 14 Aprili

Baba Pacha,

Neno nimesema. Jana nimerudisha ufunguo wa meza.

Profesa alinikaribisha kiti, akaniambia maneno mazuri, nimeyasahau yote. Anayechukua meza yangu ni kijana mpole, aliniuliza kama naweza kumwachia sumaku yangu ya kukoroga kwa kuwa imezoea. Nikamwachia. Nikatoka na mfuko wa plastiki: koti, mashahidi watatu, vipande vya utando vilivyobaki. Getini mlinzi akanipekua akaniuliza vichupa ni vya nini. Nikamwambia ni maji ya manjano. Akaniacha nipite.

Kwa hiyo nunua tiketi. Tutakuja Juni, shule zikifunga. Pacha wamefurahi mpaka wamepigana.

Sina hasira na wewe. Nimekufa ganzi tu. Nitakachotaka nikifika ni kulala na mtu asiniulize chochote.

Mama Pacha


Tarehe 30 Aprili

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako, tafadhali, na usiisome kwa sauti kama unavyosoma za benki.

Nimepata matatizo. Juzi kitengo chetu kilikuwa kinasafisha friza. Mama mmoja anayesimamia sampuli za tishu alikuta kifuko changu kimeandikwa jina la mke wangu, kimebaki kichupa kimoja cha sanduku la tatu nilichosahau kumrudishia. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni chembe za fedha ndani ya maji. Akaduwaa. Akasema, "Umezigandisha? Maji yakiganda si yanazisukuma zote kwenye kona moja? Zikiyeyuka haziachani tena."

Dada, huku kila kinachoingia kinagandishwa. Damu, ini, figo, kila kitu, kifuko kinaingia friza kabla hata hakijafunguliwa, mpaka zamu yako ifike. Mimi ndivyo nilivyofundishwa, ndiyo kazi yangu. Masanduku yote matatu nilitoa barua tu, vifuko vya vichupa nikavitia mule kwa mikono yangu, kwa upendo, nikijua navitunza. Sikuwahi hata mara moja kuiona hiyo manjano yake.

Nilikwenda chooni nikakaa.

Ni mimi. Si maji, si moto, si vyombo. Ameacha shahada kwa ajili ya friza yangu.

Sasa nisikilize usinikatishe. Nikimwambia, hatakuja. Ataenda kwa Profesa, ataomba meza yake, na kibali kitaisha, na mimi nitabaki na birika. Nisipomwambia, Juni wako hapa wote watatu. Tiketi nimeshanunua. Na yeye mwenyewe amesema amechoka. Nitamwambia tu, lakini baadaye, akishapumzika, akishazoea. Naomba kwenye mazungumzo yenu usimchochee arudi maabara. Nyamaza tu. Ni hilo ninaloomba.

Mdogo wako


Tarehe 15 Mei

Wewe mtoto wa mama,

Marahaba. Barua nimeisoma peke yangu, nikaisoma tena, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikakuta bado imeandikwa vilevile.

Friza nimekusamehe. Mimi mwenyewe niliwahi kugandisha maziwa yakawa vipande vipande nikamlaumu muuza maziwa mpaka tukafikishana kwa mjumbe wa mtaa. Binadamu anakosea. Lakini hili la pili, ndugu yangu, hili la kusema nitamwambia akishapumzika! Umekuwa lini na adabu ya namna hiyo? Unataka kumleta mwanamke wa watu kwa ndege, umkalishe, umpikie, umwangalie anavyojilaumu kila asubuhi, halafu siku moja umwambie "samahani, ni mimi"? Huko ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mke wako mwenyewe.

Unajua anafanyaje siku hizi? Anakuja dukani kwangu anakaa kwenye kreti, mikono mapajani, anaangalia wateja. Nikimtania anacheka kwa kuchelewa. Mtoto mmoja alimwuliza, "Mama, ulifeli?" Akajibu, "Ndiyo." Basi. Ndiyo. Nilitaka kumpiga mtu, na wa kumpiga yuko mbali.

Nakupenda, wewe ni damu yangu, nilikubeba mgongoni ukanikojolea na sikukudondosha. Kwa hiyo sitakwenda kumwambia, maana hayo ni maneno ya kinywani mwako. Lakini akiniuliza sitamdanganya. Wifi yangu huyu alilala hospitalini akiniuguza nilipofanyiwa upasuaji, wewe ulikuwa unatuma ujumbe wenye picha za maua.

Mwambie. Tena upesi.

Dada yako


Tarehe 17 Mei

Baba Pacha,

Vichupa ulivyorudisha vilikaa posta muda mrefu, nimevipata juzi. Nina swali moja tu. Zikiwa zinasubiri zamu yako ya hadubini, ulikuwa unaziweka wapi?

Pacha wanaulizia kama huko wana vitanda.

Mama Pacha


Tarehe 1 Juni

Mke wangu mpenzi,

Sampuli zilikaa kwenye friji ya kawaida, kama maziwa yanavyokaa. Usijisumbue tena na hayo, yameshapita.

Vitanda nimenunua, viwili, vya mbao nyeupe. Tiketi nimeziambatisha. Ni za tarehe 24, mchana. Chukua sweta hata kama utaona ni ujinga, ndani ya ndege kuna baridi. Mizigo isizidi kipimo, wana roho ngumu hao. Vyombo usibebe, nimefuata ushauri wa Dada, nimenunua sufuria kubwa.

Nawangoja.

Mumeo


Tarehe 11 Juni

Mama Pacha,

Barua hii ingetakiwa iwe imekufikia zamani. Nisamehe mwandiko.

Nimekudanganya. Friji niliyokuandikia hata haipo. Ipo friza, ya kugandishia tishu, na vifuko vya masanduku yako yote matatu viliingia humo siku vilipofika, bila kufunguliwa, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya hapa kwa kila kitu. Maji yakaganda, chembe zikabanwa, zikashikana. Zilifika zikiwa nzima. Ulizitengeneza vizuri mara zote tatu. Aliyeziharibu ni mimi.

Hilo la friza mwanzoni sikulijua. Nililijua mwishoni mwa Aprili, wewe umesharudisha ufunguo. Tangu siku hiyo nilikuwa najua na nimenyamaza, na uliponiuliza nikakudanganya kwa mkono huuhuu. Dada anajua. Alinitukana kama ninavyostahili. Usimkasirikie, nilimfunga mdomo mimi.

Sababu unaijua. Nilitaka mje. Nilijiambia umechoka, nitakuwa nakupumzisha. Lakini juzi nilikuwa napanga chumba, nikakaa kwenye kitanda kimoja cha watoto, nikaanza kuwaza nitakavyokutembeza kazini kwangu. Kwamba nitakuonyesha hadubini, nitakujulisha kwa wenzangu, nitakuonyesha dirisha langu. Nikajiona nakupitisha haraka mbele ya mlango wa chumba cha friza ili usiangalie ndani. Nikajiona nafanya hivyo mwaka mzima. Na mama anayesimamia tishu, ndiye aliyenifumbua macho kuhusu friza, akikusalimia, nakuvuta mkono tuondoke. Sikuweza kuendelea kupanga.

Nenda kwa Profesa. Mwonyeshe barua hii, ina jina langu. Kama ukija tarehe 24, njoo ukijua. Kama hutakuja nitaelewa, ingawa kuelewa kwenyewe kutanichukua muda.

Nimeogopa kukwambia kwenye simu. Jumapili nilisikia sauti yako nikauliza habari za mvua, kisha mtoto akakunyang'anya simu akaanza kuimba.

Mumeo


Tarehe 16 Juni

Baba wa watoto wangu,

Tiketi nimezipata. Hatutasafiri.

Nitakueleza, kwa sababu mimi na wewe huwa tunaelezana. Siku ile nilipopokea vichupa ulivyorudisha niliviweka mezani pamoja na mashahidi wangu. Manjano huku, kijivu kule. Nikaanza kujiuliza nini kingeweza kukitendea hivi kichupa kizima. Joto nilishajaribu. Mtikisiko nilishajaribu. Baridi kali sikujaribu, kwa kuwa sikuwahi kufikiri mtu angefanya hivyo. Ndipo nikakuandikia lile swali, kisha nikaenda kwa wifi, nikaomba nafasi kwenye friza yake ya kuuzia barafu. Nikalaza kichupa kimoja cha shahidi kati ya pakiti za ukwaju. Wifi alinitazama, akanyamaza. Wifi! Akanyamaza! Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Kesho yake nilikitoa nikakiacha kiyeyuke kwenye sahani. Kijivu, mashapo meusi chini, sawasawa na vya kwako. Nikaja nikamwuliza wifi kwa macho tu. Akasema, "Mwenye maneno yake atakwambia." Kwa hiyo nikangoja barua yako. Nilisema moyoni, akiandika friza, nitacheka. Naapa ningecheka. Ningekuita kila jina, kisha ningecheka, maana hata mimi nilikosa kukuandikia kwenye sanduku kwamba zisigandishwe. Nilidhani ni jambo linalojulikana.

Ukaandika "kama maziwa yanavyokaa."

Nilikuachia nafasi ya kusema, nikaiacha wazi kabisa, na hukuhitaji kufanya lolote zaidi ya kuandika neno moja. Sasa sijui niamini picha ulizonitumia, sijui niamini yale ya kusema umetafuta kona hadi kona. Natakiwa kuyapima yote upya, na sina mashine ya kupimia hayo.

Nimekwenda kwa Profesa na kichupa kilichokufa na kichupa kizima. Aliviinua dirishani kimoja kimoja. Alisema ananiamini. Akasema pia kwamba meza imeshatolewa, kijana ameshaanza, kamati haikai tena mpaka mwakani, na niombe upya. Mwaka umekwenda. Nimetoka pale nikiwa sina hata nguvu ya kukasirika, nikakaa kwenye ngazi za nyumba ya watu nisiowajua.

Kibali najua kinaisha tarehe thelathini. Acha kiishe.

Ukishaipata hii, Jumapili usinipigie simu. Wapigie watoto kwa namba ya dada yako.

Mama wa pacha


Tarehe 6 Julai

Baba Pacha,

Barua yako ya Juni imefika jana. Nilipoona mwandiko sikuifungua. Nilidhani ni majibu ya ile yangu, umebanwa ukutani sasa unalia. Niliiweka juu ya kabati la vyombo, nikapika, nikawalisha watoto, nikaosha. Kisha nikaichukua nikaipeleka dirishani, nikasoma muhuri wa posta kabla ya kitu kingine chochote.

Tarehe kumi na moja. Ya kwangu ilikuwa bado haijaandikwa.

Nimeusoma mara kadhaa, nikamwita na wifi asome, kwa kuwa macho yangu siku hizi siyaamini. Akasoma akasema, "Kumi na moja. Alijisemea mwenyewe, mjinga huyu." Akaketi chini jikoni akaanza kulia, na mimi nikamsaidia.

Usidhani mambo yamekwisha. Nimekasirika bado, nitakasirika muda mrefu, nakupa taarifa mapema. Barua ya tarehe mosi ipo na haitafutika. Lakini ulisema ukiwa bado na kila kitu mkononi, tiketi, vitanda, na mke anayeamini ameshindwa. Hakuna aliyekuwa amekushika. Hilo nimeliweka upande wake, nalitazama.

Haya, nisikilize. Nitaomba meza upya. Leo asubuhi nimempelekea Profesa barua yako, amesema atakaa nayo mwenyewe, itasaidia. Mpaka mwakani nitakuwa nafundisha vidato jioni ili nipate hela ya kemikali. Kibali na wewe omba upya, ila safari hii cha watoto tu, mimi nitajiombea nafasi mwenyewe nikiwa na shahada yangu mkononi. Ina maana mwaka mwingine kila mtu na sahani yake. Nimelia juu ya hilo kuliko juu ya maabara, kama unataka kujua.

Vipande vya utando bado ninavyo. Jana wifi aliungua mkono kwa mvuke, akataka nimbandike kimoja. Nikamkatalia, havijaruhusiwa kwa mtu. Akaninunia, nikampeleka zahanati, bado ananinunia. Nakueleza ili ujue nyumba inaendelea.

Pacha nimewaambia safari haipo. Walikuwa wameshafunga mabegi yao tangu mwezi wa tano, mmoja ameweka humo na mto wa kulalia. Wameuliza kwa nini hatuendi. Nilifungua mdomo niwaambie habari za kibali, kisha nikaufunga. Nimewaambia sababu anayo baba yao, na atawaeleza mwenyewe Jumapili ya kwanza barua hii ikishamfika.

Simu itakuwa wazi kuanzia saa nne asubuhi. Mimi nitakuwepo chumbani, nitasikiliza.

Mkeo,
Mama Pacha